Ukuta Uliojibu

Kila siku Chausiku akirudi shule alifanya mambo matatu kwa utaratibu uleule: alibadili gauni, alimwamkia Bibi, kisha akachukua mtungi kwenda kisimani. Kumwamkia Bibi ndiko kulikochukua muda. Chausiku alisema shikamoo, Bibi akaitika, "Marahaba, mke mwenzangu," na hapo maswali yakaanza: mwalimu amefundisha nini leo, nani amechapwa, na kwa nini yeye hakuchapwa. Bibi Swaumu alikuwa mkavu wa mwili lakini mwingi wa maneno. Chausiku alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika nyumba ile hakuna mtu aliyempenda zaidi ya bibi yake.

Waliishi Kwedizinga, wilaya ya Handeni, wakati wa Mwingereza, siku ambazo wanaume wengi wa Kizigua walikwenda kufanya kazi ya mkonge upande wa Korogwe. Baba yake, Abdi Mhina, alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na kelele zake zilikuwa zimemharibu masikio. Alirudi nyumbani mara chache kwa mwaka. Nyumba ilibaki mikononi mwa Mama, Bibi na Chausiku. Babu, mzee Mhina, aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma.

Mwezi wa pili ulipofika, kijiji kizima kilianza kutengeneza nyumba, maana masika hayana huruma na nyumba ya udongo. Wanaume walipanda juu kubadili nyasi zilizooza, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila walipoezeka walilishwa ugali na kunde. Wanawake na wasichana walishika kuta. Kukandika ukuta si kupaka matope tu, ingawa wavivu hudhani hivyo. Kwanza unachimba kwenye shina la kila nguzo, kina cha mkono hadi kiwiko, uone kama mchwa wamefika. Ukiwakuta unakwangua njia zao zote, unabadili nguzo kama imeliwa, unajaza jivu na kushindilia. Baada ya hapo ndipo unakandika.

Mwaka ule Mama alimpa Chausiku ukuta wa nyuma peke yake, ukuta wa chumba cha Bibi. Ulikuwa na nguzo tatu. Mama alimwambia kwamba amekuwa mkubwa sasa na hatamsimamia.

Ardhi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kigae. Nguzo mbili za kwanza zilimchukua Chausiku asubuhi nzima na zikamtoa malengelenge viganjani, lakini alizichimba kwa haki. Alipoinamia ya tatu aliona njia ya mchwa, nyembamba kama utambi, ikipanda kutoka ardhini na kuingia katikati ya fito. Aliigusa kwa ncha ya jembe. Wakati huohuo ngoma ikaanza kulia kwa jirani. Mwali wa nyumba ile alikuwa akitolewa siku hiyo, na wasichana walishaanza kupita njiani wamejifunga kanga zao nzuri. Aliyechelewa angepoteza nafasi yake mstari wa mbele.

Chausiku alitazama nguzo, akatazama njia. Akachota matope, akaifunika ile njia ya mchwa, akasiriba kwa kiganja mpaka ukuta ukawa laini kabisa. Ulipendeza, tena ulipendeza kuliko pale alipochimba.

Mama alipokuja kuuliza kama amechimba zote, alijibu, "Zote tatu." Mama alipitisha mkono juu ya udongo mbichi, akamsifu kwamba ana mkono wa bibi yake. Chausiku akanawa, akakimbilia ngomani, akaimba mpaka sauti ikakauka. Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alikuwa ameziba, na kuziba kwenyewe ndiko kulikoleta balaa.

Siku kumi zilipita salama. Siku ya kumi na moja, mchana, jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata kuku walinyamaza. Mama alikuwa shambani. Bibi alikuwa ameswali adhuhuri na kukaa kitandani, na Chausiku alikuwa nyuma yake akimsuka. Bibi alikuwa akisimulia habari za Babu. Alisema kwamba mzee alikuwa na tabia ya kukaa nyuma ya nyumba, kivulini, akichonga mipini ya majembe, na akitaka maji hakuita kama watu wengine. Aligonga ukuta. Naye Bibi aligonga kumjibu kwamba amesikia.

"Hivi," Bibi akasema huku akicheka, akagonga ukuta mara tatu kwa kifundo cha kidole.

Ukuta ukajibu.

Ilikuwa sauti kavu, nyepesi, iliyoanzia chini na kupanda ndani kwa ndani, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Kisha ikakoma. Mikono ya Chausiku ilisimama kwenye nywele za Bibi. Bibi hakucheka tena. Akagonga mara nyingine, polepole, na ile sauti ikaja tena, ikapanda, ikanyamaza.

Chausiku alitoka mbio akazunguka nyuma ya nyumba ili amkamate mtoto anayewachezea. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na kivuli, na ule ukuta wake laini, na mavumbi yasiyo na alama ya mguu wowote. Aliporudi ndani alimkuta Bibi ameweka shavu lake ukutani, machozi yanamtoka, na anazungumza kwa Kizigua cha zamani ambacho Chausiku alikielewa nusu tu. Alisikia jina la Babu. Alishindwa kuvuka kizingiti cha chumba.

Tangu siku hiyo Bibi hakuwa yuleyule. Alimwambia Mama asogeze kitanda kichwa kiguse ukuta, na Mama akakisogeza. Alishinda humo, akigonga na kusikiliza. Chakula alikionja tu kwa adabu, kisha akakirudisha. Hakuuliza tena nani amechapwa shuleni. Alianza kugawa vitu vyake, kanga kwa huyu, sufuria kwa yule, kama mtu anayehama. Majirani walikuja kusikia, na kila aliyesikia alitoka akiwa ameshika kifua. Wengine walishauri isomwe dua. Wengine walisema mzee anadai tambiko lake, na kwamba akishaita hivyo hakuna wa kumzuia anayeitwa. Bibi mwenyewe aliwaambia waache kuhangaika. Alisema mume wake amemwita na yeye yuko tayari.

Chausiku aliogopa mambo mawili kwa wakati mmoja, na hakuna lililokuwa jepesi kuliko lingine. Siku fulani aliona udongo mpya, mwembamba kama uzi, umetokeza kwenye boriti juu ya kitanda. Aliufuta haraka kwa kidole kabla Mama hajauona. Kama ni mchwa, basi ni wale aliowafungia yeye ndani. Lakini mchwa aliwajua tangu utotoni, ni wadudu wa kimyakimya, na hakuna aliyewahi kusikia mchwa wakimjibu mtu. Basi ni Babu. Na kama ni Babu, ameona alichofanyiwa nguzo yake, na huenda kila mchana anamsimulia Bibi. Chausiku alianza kupita mbali na ukuta ule. Akichota maji alizunguka upande wa pili wa nyumba. Darasani, chini ya picha ya Mfalme, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo, yeye alishtuka akasubiri ubao ujibu.

Mama alitaka Baba aje. Kwa kuwa Chausiku ndiye pekee aliyejua kuandika, yeye ndiye aliyeandika barua. Aliandika kama alivyoambiwa: Bibi hali chakula, ukuta wake unajibu akigonga, njoo upesi uagane naye. Mama aliuliza kama amemaliza. Chausiku alikaa kalamu ikiwa mkononi kwa muda mrefu. Kulikuwa na nafasi chini ya karatasi, ya mstari mmoja tu wa kweli. Alisema amemaliza, na barua ikapewa dereva wa lori la kwenda Korogwe.

Siku mbili baadaye Bibi alimwita, akamwambia aende na wanawake waliokuwa wakipeleka kuku Handeni mjini. Alimpa pesa zilizofungwa kwenye pindo la kanga.

"Ufike kwa Kantilal," alisema. "Ukaniletee bafta ya sanda. Usimwambie mama yako, atalia bure."

Kantilal alikuwa Mhindi mwenye duka la nguo, na Bibi alikuwa amenunua kwake tangu duka lilipokuwa chumba kimoja cha mabati. Chausiku alipotaja bafta, mzee yule alishusha jora, akaanza kupima kwa wari huku akimuuliza kwa upole ni nani amefariki. Chausiku alisema hakuna aliyefariki. Ni ya Bibi Swaumu, na amemtuma mwenyewe.

Mkasi wa Kantilal ulisimama. Alimwita mkewe, Bhanumati, naye akamletea mtoto maji na kipande cha mkate, lakini Chausiku hakuweza kumeza.

"Bibi yako namjua," Kantilal alisema. "Mwaka jana alibishana na mimi nusu siku juu ya kanga moja. Mtu kama yule hafi kwa kupenda. Mtoto, kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu," Chausiku alijibu.

Kantilal akakata nguo, akaikunja vizuri, akampa. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Wanawake walizungumza habari za bei ya kuku wao, naye alitembea nyuma yao na sanda ya bibi yake kichwani. Nguo ile ilikuwa nyepesi, lakini shingo ilimuuma kama amebeba kuni. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamekusanyika, meusi, na radi ilinguruma kwa mbali. Wanawake walifurahi. Masika yamefika, walisema, heri aliyekwisha kukandika. Chausiku aliwaza nguzo ya tatu na kitanda kilichosogezwa. Akaanza kutembea upesi, mwishowe akawapita wote.

Alipofika, jua lilikuwa linakaribia kuzama na Baba alikuwa amewasili. Alikuwa chumbani kwa Bibi na vumbi la safari mguuni. Mama alisimama mlangoni. Bibi alikuwa akimwonyesha mwanawe. Aligonga mara tatu, na ukuta ukajibu, safari hii kwa nguvu kuliko siku zote, tena kwa muda mrefu. Baba hakusikia vizuri, kwa hiyo aliweka kiganja chake kwenye udongo. Chausiku aliuona uso wake ukibadilika alipohisi ile sauti ikipita chini ya mkono. Mtu mzima yule, aliyezoea mashine inayoweza kukata mkono wa mtu, aliuondoa mkono wake kama ameungua.

"Ni baba yako," Bibi alimwambia. "Hamjibu mwingine. Ananijibu mimi." Kisha akamwona Chausiku na kile kifurushi. Akanyoosha mikono kukipokea, uso wake umetulia, akasema kwamba sasa ataswali magharibi alale, na wasimsumbue tena.

Matone ya kwanza yalianza kugonga nyasi za paa.

"Bibi, usilale hapo," Chausiku alisema. Sauti ilikuwa ndogo na Baba hakuisikia, ikabidi aseme tena kwa nguvu, na safari hii akasema yote. "Sikuchimba nguzo ya tatu. Kulikuwa na mchwa. Niliwafunika na matope nikaenda ngomani. Nilimwambia Mama nimechimba zote tatu, nikaona njia yao kwenye boriti nikaifuta, na kwenye barua sikusema. Bibi, usilale hapo."

Mama alikaa chini pale mlangoni. Baba alimtazama mwanawe, akamtazama Bibi, na ilionekana hajui amwamini nani, kwa maana mkono wake bado ulikuwa unaikumbuka ile sauti.

Bibi alitikisa kichwa. Alisema mchwa hawasemi. Alisema ameishi miaka mingi na anaijua sauti ya mume wake.

Chausiku alikuwa akitetemeka. Kwa siku zote zile hakuwahi kuugusa ukuta ule, na sasa alikwenda akapanda kitandani, akakunja ngumi, akagonga. Hakugonga mara tatu. Aligonga ovyo, kama mtoto anavyogonga mlango wa choo. Ukuta ukamjibu. Akagonga tena kwa juu, ukajibu, na tena pembeni, ukajibu, bila kuchagua mkono wa nani.

Bibi alisikiliza mpaka sauti ya mwisho ilipokwisha. Kisha akashuka kitandani mwenyewe, bila kushikwa, akatoka chumbani akiwa ameikumbatia ile bafta. Hakumtazama mtu.

Waliburuta kitanda nje ya chumba. Baba alichukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga mara moja tu, na ule udongo laini uliosifiwa ukadondoka mzima kama sahani. Nyuma yake nguzo ilikuwa gamba tupu. Ndani yake walijaa mchwa, weupe, maelfu, na kati yao wale askari wenye vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia. Baba aligonga gamba kwa mpini wa jembe. Askari wote wakaanza kugonga vichwa vyao kwenye mti kwa pamoja, wakiwaonya wenzao, na ile sauti ya mchele ikasikika waziwazi. Mama alifunika masikio. Matope mabichi aliyowapaka Chausiku yaliwapa maji na giza, vitu viwili ambavyo mchwa hupenda kuliko vyote.

Mvua ilikuja kwa nguvu kabla ya isha. Baba aliegemeza gogo kwenye ukuta kwa nje, lakini hapakuwa na muda wa zaidi ya hapo. Wote walilala chumba cha mbele. Asubuhi walikuta sehemu ya katikati ya ukuta imeanguka kwa ndani, udongo na fito na boriti moja, na lundo lote liko pale palipokuwa na kichwa cha kitanda.

Baba hakumchapa Chausiku. Alimpa jembe. Siku tatu, kila mvua ilipopumzika, walifanya kazi pamoja: walichimbua kiota hadi chini, wakaunguza shimo kwa makaa, wakasimamisha nguzo mpya na kukandika upya. Chausiku alichimba mpaka malengelenge yakapasuka, na hakuna aliyemwambia pole. Jambo hilo aliliweza. Lililomshinda ni ukimya wa Bibi. Bibi alikaa barazani, akatazama mvua, akarudisha sahani kama ilivyokuja.

Siku ya nne Baba alirudi Korogwe. Mchana jua lilitoka, na Chausiku akaenda akapiga magoti mbele ya bibi yake. Alitaka kusema maneno mengi aliyoyapanga, yakamtoka mawili tu.

"Bibi, nisamehe."

"Unajua," Bibi alisema, "siku zile zote nilikuwa na mume. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa naye. Halafu jembe la baba yako likapiga mara moja, akafa tena. Nimefiwa mara mbili na mtu yuleyule, mjukuu wangu, na mara ya pili ni kwa mkono wako."

Chausiku aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye mavumbi. Alikuwa amejiandaa kwa kesi ya ukuta, si kwa hiyo.

"Sikwambii ili ulie," Bibi aliendelea. "Nakwambia ili ujue uongo unafika wapi. Ulimwambia mama yako zote tatu. Mama yako akaamini, akasogeza kitanda. Mimi nikaamini, nikaweka kichwa. Mtu akiambiwa kazi imekwisha, anailalia, haamki kuikagua. Wewe ulitaka ngoma tu, hukutaka kuua mtu, lakini ukuta haukuuliza ulitaka nini. Kwa hiyo ukifanya kazi, ifanye ukijua kuna mtu atalala chini yake. Ukiiacha, sema umeiacha. Kuambiwa mvivu hakumuui mtu."

"Nimesikia, Bibi."

"Na ulisema. Ulichelewa sana, nusura nizikwe kwa ajili ya kuchelewa kwako, lakini ulisema mvua ikiwa bado ni matone, ukapanda pale ukagonga huku unatetemeka. Nilikuona." Bibi akajipangusa uso kwa pindo la kanga. "Mhina amekufa. Mimi sijafa. Nenda kamwambie mama yako nataka ugali, na asilete kidogo."

Chausiku aliondoka mbio kwenda jikoni. Alipofika nusu ya uwanja alisikia Bibi akimwita kwa nyuma, akimuuliza kama mboga ni kunde tena leo, na kama ni kunde, nani amezichambua.